Kumpenda Mungu kwa Uaminifu: Mfano wa Ukerewe

Katika miji yetu neno kupenda limekuwa jepesi, na limezidi kuwa jepesi linapoelekezwa kwa Mwenyezi Mungu. Mtu apitaye Mwanza siku ya Jumapili, kuanzia Kirumba hadi Igoma, husikia vipaza sauti vikimtangazia Mungu kwamba anapendwa, na kila kanisa likijitahidi lisizidiwe sauti na jirani yake. Hatuwalaumu waimbao. Wasukuma ni watu wa wimbo. Waliimba shambani wakilima, wakaimba njiani wakisafiri, wala si ajabu wakiimba zaidi mbele ya Muumba wao. Lakini mwalimu anayesimama darasani Jumatatu asubuhi, mbele ya wanafunzi wanaojua vizuri ni nani aliyepiga kinanda jana na ni nani aliyempiga mkewe juzi, hana budi kukabili swali lililo gumu kuliko wimbo: mapenzi hayo hujulikana kwa nini?

Mtume Yohane, katika waraka wake wa kwanza, hayakubali mapenzi ya Mungu yanayompita ndugu aliye karibu. Watoto wetu hulikariri fundisho hilo tangu wakiwa wadogo, na kwa kulikariri mno huzoea sauti yake hata wasisikie tena lisemalo. Ndiyo maana tumeona yafaa tumtazame mtu mmoja, mwenyeji wa visiwa vyetu, ambaye maisha yake yanajulikana na kazi yake ingali mikononi mwetu. Naye ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe.

Dini ya Kikristo haikufika kwa upole katika maji haya. Mwaka 1877 Waingereza wawili wa misheni ya Kianglikana, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe katika ugomvi uliohusu mfanyabiashara mmoja na mtawala wa kisiwa hicho. Mwaka uliofuata msafara wa kwanza wa mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao watu wetu waliwaita White Fathers kwa sababu ya kanzu zao nyeupe, ulifika Kageye, kusini mwa ziwa. Misheni ya Bukumbi ilianzishwa mwaka 1883, na ile ya Nassa, ya Waprotestanti, mwaka 1888. Hivyo mtoto aliyezaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa kitemi wa Ukerewe alikuta wazee waliokumbuka vizuri siku ambazo habari hizo zote hazikuwapo.

Kitereza alilelewa katika ikulu ya Omukama Mukaka. Hapo aliona mambo ambayo mtoto wa misheni asingeyaona: hukumu zikikatwa, wageni wakipokewa kwa daraja zao, wazee wakinena lugha ile nzito ambayo haineneki sokoni. Baadaye alipelekwa kusoma misheni ya Kagunguli, akabatizwa, na mwaka 1909 akavuka ziwa kwenda seminari ya Rubya katika nchi ya Wahaya. Alikaa huko miaka kumi, akajifunza lugha kadhaa, Kilatini na Kijerumani miongoni mwazo. Hakuufikia upadre. Mwaka 1919 alimwoa Anna Katura kwa ndoa ya Kikristo.

Hapo ndipo jambo letu linapoanzia. Watoto wa Aniceti na Anna hawakubaki. Kifo kiliwachukua, na nyumba ile ikawa haina mrithi. Msomaji aliyekulia mjini huenda asiuone uzito wa jambo hili, kwa hiyo hatuna budi kulikalia kidogo. Katika jamii za Ziwa mtu asiye na mtoto alihesabiwa kuwa amekufa mara mbili: mara moja anapozikwa, na mara ya pili anapokosa wa kulitaja jina lake. Shamba lake huenda kwa wengine. Mkewe huitwa kwa majina ambayo hatutayaandika hapa. Shangazi huja na ushauri, na wajomba huja na ushauri mkubwa zaidi. Nao wote hushauri jambo moja, yaani mwanamke arudishwe kwao au aletewe mwenzake. Washauri hao huwa si watu wabaya. Hulitetea jina la ukoo, na desturi huwapa haki ya kusema.

Kwa mtu wa ukoo wa kitemi shauri hilo huwa zito maradufu. Kitereza hakulifuata. Alikaa na Anna. Alikaa naye katika ujana wakati ambapo angeweza kuanza upya, na katika utu uzima wakati ambapo bado angeweza, hata uzee ukawakuta wawili vilevile.

Kuna wasemao kwamba huo ulikuwa utii kwa sheria ya wageni tu: padre amekataza mke wa pili, na mtumishi wa misheni anaogopa kupoteza kazi. Hoja hii haitutoshi. Hofu ya padre humzuia mtu asifunge ndoa ya pili kanisani. Haimzuii kuwa na nyumba ndogo kijijini, na sote twawajua wanaopiga magoti mbele huku nyumba zao ndogo zikijulikana na parokia nzima. Tena hofu haiandiki vitabu, naye Kitereza aliandika kitabu.

Alikikamilisha mwaka 1945, kwa Kikerewe. Chaitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Ni habari ya mume na mke wasiopata mtoto, katika Ukerewe ya zamani, kabla Mzungu hajatia mguu. Jamaa wa mume wanamsimanga mke. Wazazi wa mke wanaona uchungu, wanamchukua binti yao nyumbani. Myombekere, ambaye kwa desturi angekuwa ameshinda, anaona nyumba imekuwa pori. Anamfuata mkewe ukweni. Anakubali kusimama mbele ya wakwe kama mshtakiwa, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, anarudi kuitafuta, anaipika na kuipeleka, na habari ya pombe hiyo inasimuliwa kwa urefu, hatua kwa hatua, hata msomaji aweza kuipika mwenyewe. Kisha mke anarudi. Mganga anamtibu. Mwishowe wanazaliwa Ntulanalwo, mvulana, na Bulihwali, msichana.

Mtu asiyeyajua maisha ya mwandishi husoma habari hiyo kama hadithi ya mapenzi na elimu ya mila, na kitabu humtosha hivyo. Anayeyajua husita kidogo pale watoto wanapozaliwa. Aniceti aliwapa Myombekere na Bugonoka kile ambacho yeye na Anna hawakubakiziwa. Na kabla ya kuwapa watoto aliwapa jambo jingine: mume anayekwenda kumwomba mkewe arudi, akiwa bado hana ahadi yoyote ya mtoto. Hatuna haki ya kuingia moyoni mwa marehemu na kusema aliandika akilia. Lakini kazi i mbele yetu, na sehemu ile ya safari ya ukweni imeandikwa na mtu aliyejua kwamba uaminifu huo haukuletwa na meli. Aliukuta kwa babu zake. Imani ya Kikristo ilimpa sababu mpya ya kuushika, ikamfunga nao kwa kiapo.

Tunafika sasa kwenye jambo ambalo limewatatiza baadhi ya walimu wa dini tuliozungumza nao. Kitabu hiki kiliandikwa na Mkristo aliyeitumikia misheni, lakini ndani yake hamna padre, hamna ubatizo, hamna sala ya Kikristo. Watu wake huwakumbuka wazimu wao, huenda kwa mganga, hufuata miiko. Wala mwandishi hawacheki. Hawainulii kidole. Hamleti mhubiri katika sura ya mwisho kuwaongoa. Je, mtu ampendaye Kristo huandika hivyo?

Sisi twaona kwamba huandika hivyo hasa. Miongoni mwa amri kumi iko inayokataza kumshuhudia jirani uongo, na iko inayoagiza baba na mama waheshimiwe. Kwa miaka mingi vitabu vya wageni, na baadhi ya mahubiri ya wenyeji waliotaka kuwapendeza wageni, viliwashuhudia babu zetu uongo: kwamba waliishi gizani, hawakuwa na haya, hawakujua kupenda mke wala kumheshimu mzee. Kitereza aliwaona watu hao kwa macho yake utotoni. Alijua jinsi walivyomkaribisha mgeni, walivyoitana kwa adabu, walivyogawana samaki, walivyozika. Angaliweza kuinyamazia kweli hiyo na misheni isingemlaumu. Aliiandika yote, pamoja na kasoro zao, akisema nia yake ni vizazi vijavyo vijue jinsi wazee walivyoishi na lugha yao isipotee. Kusema kweli juu ya wafu, ambao hawawezi kujitetea wala kumlipa mtu, ni ibada ya aina yake, nasi hatujui kwa nini haitajwi mara nyingi zaidi mimbarani.

Baadhi ya wamisionari, ni haki tuseme, waliliona jambo hili. Huko Bujora, karibu na Kisesa, Padre David Clement kutoka Kanada alianza katika miaka ya 1950 kukusanya ngoma, viti na vifaa vya utemi wa Kisukuma, na kanisa la mahali hapo likajengwa kwa kufuata sanaa ya Kisukuma. Hadi leo sikukuu ya Ekaristi huko huenda pamoja na Bulabo, mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, na watu hutoka mbali kuja kutazama nani atawazidi wenzake.

Kitabu cha Kitereza hakikupata mchapishaji. Kikerewe ni lugha ya watu wachache, na karatasi zake zilikaa mwaka hata mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika Ukerewe Gerald Hartwig, mwanahistoria Mmarekani, na mkewe Charlotte, wakamtia moyo akiandike kwa Kiswahili. Mzee wa miaka zaidi ya sabini alikaa chini akaanza tena. Wanafunzi wanaolalamika kuandika insha ya kurasa mbili na wafikiri kidogo juu ya jambo hili: kitabu kinene, kilichokwisha kuandikwa mara moja na kukataliwa na wakati, kikiandikwa upya kwa mkono ule ule katika lugha nyingine. Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ilikitoa kwa mwaka 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla ya kukishika mkononi. Baada yake kilitafsiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine wa Ukerewe, alikitoa kwa Kiingereza.

Mtoto hakubaki na kitabu hakukiona. Kwa hesabu ya wahubiri wanaofundisha siku hizi kwamba Mungu huwalipa wampendao kwa nyumba, gari na uzao, Aniceti Kitereza alikuwa mtu asiyebarikiwa. Mafundisho hayo yameenea sana kando ya ziwa, na yanawaumiza hasa wanawake. Mwanamke asiyepata mtoto huambiwa kwamba imani yake ina dosari, huombewa mbele ya watu, hutozwa sadaka ya kufunguliwa, kisha hurudi nyumbani akiwa na aibu mbili badala ya moja. Tungependa mwalimu amsimulie binti wa namna hiyo habari ya Anna Katura, ambaye hakutozwa chochote na mumewe.

Tumesema uaminifu huanza na aliye karibu, na kando ya ziwa hili aliye karibu zaidi baada ya mke na mume ni jirani wa uani. Hapo historia yetu ya siku za karibuni ina jeraha. Kwa miongo mingi, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu. Macho hayo huwekundishwa na moshi wa jikoni, moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe, miaka hamsini ya kuwapikia wengine ugali. Kisha kuanzia mwaka 2007 yakazuka kwa wingi mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyochochewa na waganga wapiga ramli na tamaa ya mali. Nchi ilishtuka, Serikali ikachukua hatua, wako waliohukumiwa.

Jambo linalotusumbua ni kwamba vijiji vile havikukosa makanisa. Kengele ziligongwa, watu wakakomunika, watoto wakabatizwa, na usiku panga likapita katika nyumba ya tatu kutoka kanisani. Waliofanya ni wachache. Waliosikia fununu wakanyamaza ni wengi zaidi, nao ndio waumini wa kawaida, watu kama sisi, wenye kumpenda Mungu kwa nyimbo. Lakini wapo pia, katika vijiji vile vile, waliomtoa bibi wa jirani nyumbani kwake jioni wakamlaza kwao, bila kutangaza, wakijua kwamba kesho yake wao ndio watakaoshukiwa. Hawa hawakuandikwa katika kitabu chochote. Mwalimu akiwaambia wanafunzi waulize nyumbani, huenda wakagundua kwamba mmoja wao ni nyanya yao.

Tuje katika kazi, kwa maana mtu mzima hutumia saa nyingi kazini kuliko kanisani. Sisi tumekaa katika utumishi wa umma muda wa kutosha kujua kwamba jalada la mstaafu anayedai kiinua mgongo chake laweza kupita mikononi mwa watu sita wanaofunga Kwaresima bila hata mmoja kulisukuma mbele. Mzee hupanda basi kutoka kijijini, huambiwa arudi wiki ijayo, hushukuru, huondoka. Anayemwambia hivyo hajioni ametenda dhambi. Katika akili yake dhambi ni pombe na uzinzi, na mzee yule si habari ya dini.

Huko Ukerewe kulitokea jambo lililoonyesha kwamba ni habari ya dini. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilitoka Bugolora, katika kisiwa cha Ukerewe, kikielekea Bwisya katika kisiwa cha Ukara. Kilikuwa kimejengwa kubeba abiria 101. Kilipopinduka, karibu kabisa na gati, kilikuwa na watu zaidi ya mara mbili ya hao pamoja na mizigo yao. Waliokufa walikuwa 228, waliookolewa 41. Watu wa Mwanza walikuwa wamekwisha kuliona jambo la namna hiyo tarehe 21 Mei 1996, siku ilipozama MV Bukoba na kuacha makaburi ya Igoma. Miaka 22 ilikuwa imepita.

Wa kwanza kufika pale Bwisya walikuwa wavuvi na wenyeji wa Ukara. Walikwenda na mitumbwi yao ya dagaa na sangara, wakavuta watu majini, hata giza lilipoingia. Siku zilizofuata baadhi ya maiti walizikwa papo hapo kisiwani, wakiwamo waliokosa ndugu wa kuwatambua, na watu wa Ukara wakawalilia kama wanavyowalilia wao.

Hatutaki kumhukumu mtu ambaye mahakama haikumhukumu. Twasema tu kwamba kuhesabu ni kazi ndogo. Haihitaji elimu ya Rubya. Mtu husimama mwaloni, abiria hupita mbele yake mmoja mmoja, naye hutaja namba: tisini na tisa, mia moja, mia moja na moja. Wa mia moja na mbili huwa ni mama anayetoka gulioni, ana mtoto mgongoni na kapu kichwani. Amechelewa, kwake wanamngoja, na huenda yeye na mhesabuji husali kanisa moja. Anamwita kwa jina, anamwomba amfikirie, na watu walio nyuma yake wanaanza kupiga kelele. Kila mwalo wa ziwa hili una mtu wa namna hiyo, na leo jioni pia atasimama pale.